Somo la 7: Kuchagua Gurudumu la Gari la Porini

Darasa la Watu Wazima Redioni. Mafunzo ya Gari na Barabara.
Wanaosema: Mtangazaji, Fundi, Dereva.

MTANGAZAJI: Wale mnaosikiliza kwa vikundi, msimamizi na awe tayari na kalamu, karatasi na futi ya kupimia, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Juma lililopita tulijifunza habari za springi. Leo tunashuka chini zaidi, mpaka pale gari linapogusa ardhi. Tutajifunza jinsi ya kuchagua ukubwa wa gurudumu kwa gari linalokwenda nje ya lami.

Msikilizaji wetu mmoja, dereva wa gari la zahanati kando ya mbuga ya Wembere, alituandikia barua. Kamati ya zahanati yake imechanga fedha za kununua rimu na matairi, seti moja tu. Wakikosea, hakuna fedha nyingine mpaka mavuno yajayo. Tulimwomba aje mwenyewe, naye yupo hapa pamoja na mzee wetu, Fundi.

DEREVA: Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Habari za safari?

DEREVA: Nzuri, mzee.

FUNDI: Haya, tueleze shida yako, na wenzetu wasikie.

DEREVA: Gari letu ni Toyota Land Cruiser Prado, lilitumika Japani kabla ya kuletwa huku. Lilikuja na rimu za inchi 18 na matairi yaliyoandikwa 265/60R18. Kwenye lami sina malalamiko. Lakini njia zetu si lami. Upande mmoja ni mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Upande wa pili ni njia ya mawe inayopanda kwenye milima ya Iramba. Katikati yake kuna makorongo ya mchanga.

Mwezi wa pili, usiku, nilikuwa nimemchukua mama mmoja ambaye uchungu ulimshika tangu jioni. Gurudumu la mbele likagonga ncha ya jiwe, tairi likapasuka ubavuni na rimu ikapinda. Nikafunga la akiba. Kilomita chache mbele, likapasuka la nyuma vile vile. Sikuwa na jingine. Tulimbeba yule mama kwa machela mpaka barabara kuu, ndipo tukapata lori.

MTANGAZAJI: Na hali yake ikawaje?

DEREVA: Alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Lakini muuguzi aliniambia tulifika kwa bahati tu. Sasa muuza matairi mmoja mjini ananishauri nichukue rimu za inchi 20, kwa kuwa ni kubwa zaidi na gari litakaa juu zaidi. Rafiki yangu naye anasema niache rimu, nifunge matairi marefu na mapana kuliko yote yanayoweza kuingia. Mimi sijui nimsikilize nani.

FUNDI: Usimsikilize mtu bado. Zisikilize namba kwanza. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika matairi asiyechagua ndiye atakayelala njiani.

Kusoma namba za tairi

FUNDI: Wasikilizaji, andikeni namba hii: 265/60R18. Ile 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 60 ni urefu wa ubavu, yaani ule ukuta wa mpira kutoka ukingo wa rimu hadi ardhini. Lakini angalieni: si milimita 60. Ni sehemu 60 katika kila sehemu 100 za upana. Herufi R yaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, nayo mtaiona karibu katika matairi yote ya siku hizi. Na 18 ni kipenyo cha rimu, kwa inchi. Ndiyo ajabu ya tairi: upana twaupima kwa milimita na rimu kwa inchi.

Sasa tupige hesabu. Chukua 265, zidisha kwa 60, gawanya kwa 100. Umepata ngapi, mwanangu?

DEREVA: Mia moja hamsini na tisa.

FUNDI: Ndiyo. Ubavu una milimita 159. Tairi lina ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake, kwa hiyo twazidisha kwa mbili, tunapata 318. Inchi moja ni milimita 25.4, basi rimu ya inchi 18 ni milimita 457. Jumlisha 318 na 457. Kimo cha gurudumu zima ni milimita 775.

Sasa nitawasomea matairi manne. Yote yana upana wa 265, nami nimeshayapigia hesabu. Andikeni kama nisemavyo:

265/70R16: ubavu milimita 185, kimo milimita 777.
265/65R17: ubavu milimita 172, kimo milimita 776.
265/60R18: ubavu milimita 159, kimo milimita 775.
265/50R20: ubavu milimita 132, kimo milimita 773.

Hilo la mwisho ndilo unaloshauriwa kununua.

DEREVA: Mzee, mbona kimo ni kile kile? Na hili la inchi 20 ndilo fupi kuliko yote!

FUNDI: Hapo ndipo penye somo la leo. Mtu akisema gurudumu la inchi 20, wewe waona gurudumu kubwa. Kumbe kilichokua ni chuma, na mpira umepungua. Gari halikupanda juu hata kidogo. Umenunua chuma kingi zaidi, ukauza mpira na upepo.

Kazi ya ubavu

MTANGAZAJI: Fundi, kwa nini tuhuzunike kwa kupungua kwa mpira? Chuma si kigumu zaidi?

FUNDI: Kigumu ndiyo, lakini ugumu si kazi ya gurudumu. Kinachobeba gari si chuma wala si mpira. Ni upepo ulio ndani. Mpira ni mfuko tu wa kuushika upepo huo.

Tuseme gurudumu moja limebeba kilo 600. Geji ya upepo ikisoma 28, maana yake kila sentimita mraba ya upepo inasukuma kwa nguvu ya kilo 2 hivi. Ili kubeba kilo 600, tairi lazima liguse ardhi kwa sentimita mraba kama 300. Hiyo ni nusu ya karatasi ya kuandikia barua. Sasa punguza upepo mpaka geji isome 14. Kila sentimita mraba inasukuma kwa kilo 1 tu. Basi tairi litalala chini mpaka liguse ardhi kwa sentimita mraba kama 600. Ni karatasi nzima. Haya ni makadirio, kwa sababu ubavu nao una ugumu wake, lakini njia ya mambo ndiyo hiyo.

DEREVA: Yaani tairi lile lile, bila kununua kitu, linapata unyayo mara mbili?

FUNDI: Ndivyo. Tena unyayo huo haupanuki sana kwenda kando. Unarefuka kwenda mbele na nyuma, kama unyayo wa ngamia unavyotandaa mchangani. Mwingereza mmoja, Ralph Bagnold, alivuka mchanga wa jangwa la Libya kwa motokaa za Ford katika miaka ya 1920 na ya 1930, na kupunguza upepo ilikuwa mojawapo ya mbinu zake. Leo kila dereva wa jangwani hufanya hivyo.

Lakini tairi likilala, linalalia nini? Linalalia ubavu wake. Ubavu wa milimita 185 waweza kukunjika sana na bado rimu ikawa mbali na mawe. Ubavu wa milimita 132 ukikunjika kiasi hicho hicho, rimu inakaribia ardhi. Likija jiwe, mpira unabanwa kati ya jiwe na chuma kama kidole mlangoni. Mpira unapasuka na chuma kinapinda.

DEREVA: Mzee, hayo ndiyo yaliyonipata.

FUNDI: Najua. Tena siku ile upepo wako ulisoma ngapi?

DEREVA: Kwa kweli, mzee, sikupima. Nilikuwa nimetoka korongoni, nikapunguza upepo ili nipite mchangani. Sikuujaza tena kwa sababu ya haraka.

FUNDI: Basi makosa yalikuwa mawili, la rimu na la geji. La rimu utalitengeneza kwa fedha za kamati. La geji utalitengeneza mwenyewe. Sikulaumu, mwanangu, ulikuwa na mgonjwa garini. Lakini jiwe halijui haraka yako.

Rimu ndogo kiasi gani?

MTANGAZAJI: Basi kwa nini watengenezaji wanafunga rimu kubwa?

FUNDI: Wana sababu zao. Gari zito lenye mwendo mkali lataka breki kubwa, na breki hukaa ndani ya rimu. Ubavu mfupi hauyumbi sana kwenye kona za lami. Na wanunuzi wengi hupenda sura yake. Kwa mtu wa mjini, hayo si mabaya. Magari ya kazi ya zamani yalikuwa na desturi nyingine. Land Rover ya kwanza, ya mwaka 1948, ilitoka na matairi ya 6.00-16, na ile ndefu ya inchi 109 ilivaa 7.50-16. Rimu ilibaki ya inchi 16. Kilichokua ni mpira.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kwa gari la porini, chagua rimu iliyo ndogo kuliko zote zinazoweza kuzunguka juu ya breki zako bila kugusa. Sikusema rimu ndogo kuliko zote zilizoko dukani. Nimesema zinazoweza kuzunguka.

Jana mimi na dereva wetu tulikwenda gereji tukaazima rimu mbili. Tulipoweka ya inchi 16 mbele, tuliona nini?

DEREVA: Ilikwama. Ndani iligusa breki hata kabla ya nati kukazwa.

FUNDI: Na ya inchi 17?

DEREVA: Ilizunguka vizuri. Tulikaza nati, tukaizungusha kwa mkono, tukakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Haikugusa popote.

FUNDI: Basi hapo hesabu imekwisha. Mimi nilitamani 16, breki zimesema 17. Wasikilizaji, magari hayafanani hata kama yana jina moja. Usinunue rimu kwa kuambiwa. Azima moja, ifunge, izungushe. Angalieni pia matundu ya nati yalingane na rimu isitokeze nje kuliko ya mwanzo. Rimu inayotokeza sana inazilemea beringi na kuufanya usukani uwe mzito.

Tairi refu na pana

DEREVA: Sasa mzee, nikiwa na rimu ya 17, je, nisimfuate rafiki yangu nifunge tairi refu zaidi? Kuna moja, 285/70R17.

FUNDI: Lipigie hesabu.

DEREVA: Ubavu ni 199 na nusu. Mara mbili ni 399. Rimu ya 17 ni milimita 432. Jumla 831.

FUNDI: Lako ni 776. Limezidi kwa milimita 55. Lakini ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo difu lako litapanda nusu yake tu, milimita 27. Hiyo ndiyo faida, na ni faida ya kweli kwenye mawe. Sasa sikiliza gharama.

Kwanza, gurudumu limekuwa refu kwa sehemu 7 katika 100. Spidomita ikisoma 80, wewe unakwenda karibu 86. Pili, nguvu ya injini inayofika ardhini imepungua karibu kwa kiasi hicho hicho, kama kwamba giya zako zote zimekuwa ndefu. Kilima ulichopanda kwa giya ya pili utakitafutia ya kwanza. Tatu, breki zinapata kazi zaidi. Nne, tairi hilo ni zito, na usukani na springi zitalibeba kila siku. Tano, litagusa madigadi ukikata kona au likishuka shimoni.

Mwenye gari la matembezi anaweza kuzilipa gharama hizo na kubadili giya za difu. Wewe una mgonjwa na mafuta ya kupimiwa. Kaa na kimo alichokiweka mtengenezaji, au uzidishe kidogo sana.

MTANGAZAJI: Na upana je? Watu wengi huamini tairi pana halizami.

FUNDI: Inategemea chini kuna nini. Kwenye mchanga usio na mwisho, unyayo mkubwa unasaidia, lakini tumeona kwamba unaupata kwa kupunguza upepo. Kwenye tope jepesi lililo juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope likafika pagumu, hali lile pana laelea juu na kuteleza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, tairi pana hukusanya udongo mwingi, ukajaa kwenye meno na ndani ya madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Na mbuga ikishalowa sawasawa, hakuna tairi la kuitegemea. Subiri au zunguka. Kwa hiyo usizidishe ule upana wa 265.

Uzito, tarehe, na tairi la akiba

FUNDI: Ukisha kujua ukubwa, bado kuna maandishi ya kusoma. Baada ya ukubwa utaona kama 112S. Ile 112 ni alama ya uzito: maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 1,120. Ile S ni alama ya mwendo, kilomita 180 kwa saa. Namba ya uzito isipungue ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha tafuta namba nne za tarehe ubavuni. Ukiona 3522, tairi lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2022. Tairi lililokaa miaka mingi juani dukani ni kuukuu hata kama halijagusa barabara.

Nunua matano, si manne, na yote matano yawe sawa. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, likiwa na tairi moja refu na jingine fupi, hupigana lenyewe kwa lenyewe ndani ya giya na difu, mpaka kitu kivunjike. Tena uliza: ukubwa huu wapatikana wapi karibu na kwangu? Tairi zuri lisilopatikana ni deni.

Kutumia upepo

FUNDI: Mwisho, upepo. Kwenye lami na ukiwa na mzigo, fuata namba za kibandiko kilichoko mlangoni. Kwenye changarawe yenye matuta madogo madogo, punguza kidogo, kama sehemu 15 katika 100, na mwendo upunguze pia. Kwenye mchanga, shuka mpaka 18 hivi, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Ukikwama kabisa, waweza kushuka mpaka 15, lakini nenda polepole kama mtu anayetembea, wala usikate kona ghafula, tairi lisije likachomoka kwenye rimu. Na ukitoka mchangani, simama ujaze. Kwenye mawe makali usipite na upepo wa mchangani. Kwa hiyo pampu na geji si mapambo. Ni sehemu ya gurudumu.

DEREVA: Mzee, kujaza matairi manne huchukua muda. Na mgonjwa yumo garini.

FUNDI: Kwa pampu nzuri ya umeme wa betri, kama robo saa. Je, kumbeba yule mama kwa machela mlitumia muda gani?

DEREVA: Saa mbili na zaidi, mzee.

FUNDI: Basi umejijibu. Jaza kwanza yale ya mbele, ndiyo yanayokutana na jiwe kwanza. Lakini usiondoke kabla ya kujaza yote.

DEREVA: Nimesikia, mzee. Nitaiambia kamati: rimu za inchi 17, matairi matano ya 265/65R17, na fedha zitakazobaki tununue pampu na geji.

FUNDI: Na zile rimu za 18 zilizo nzima, ziuzeni kwa mtu wa lami. Zitamfaa.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, andikeni mambo manne ya kukumbuka. Kwanza, rimu kubwa si gurudumu kubwa. Pili, chukua rimu ndogo inayozunguka bila kugusa breki, ili upate ubavu mrefu. Tatu, kimo na upana visizidi sana vile vya mtengenezaji. Nne, badili upepo kila ardhi inapobadilika.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Tairi limeandikwa 235/85R16. Pigeni hesabu ya ubavu na kimo chake.
2. Gari la kikundi au la jirani lina tairi la namba gani? Ubavu wake ni milimita ngapi?
3. Katika njia zenu, ni wapi pa mchanga, wapi pa mawe, wapi pa tope? Dereva asimame wapi kupunguza upepo, na wapi kuujaza?

Jibu la swali la kwanza tutalisoma mwanzoni mwa somo lijalo, ambalo litahusu jeki, kamba na namna ya kulitoa gari lililokwama. Mpaka hapo, kwaherini.